Ruzuku za Vijia na Baiskeli katika Bonde la Kilombero

Ruzuku ya ushindani ni fedha ya serikali kuu ambayo haigawiwi kwa kila halmashauri. Hupewa halmashauri iliyotimiza masharti, ikaandika mradi unaoeleweka na kuonyesha kwamba itautunza. Kwa njia za waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, utaratibu huu ulipata nguvu Marekani baada ya sheria ya usafirishaji ya mwaka 1991, iliyotenga sehemu ya fedha za barabara kwa miradi midogo ya aina hiyo, na miji ikaanza kuiombea. Uingereza ilitangaza fungu la namna hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaunda chombo maalumu cha kupima maombi ya halmashauri. Tanzania ilifika kwenye utaratibu huo kwa njia yake na kwa majina mengine: mfuko wa maendeleo ya jamii, ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa, mfuko wa barabara. Bonde la Kilombero linafaa kuufuatilia, kwa kuwa ni nchi ya tambarare ambako mguu na baiskeli vimebeba watu na mazao kwa miaka mingi kuliko gari, ilhali fedha za serikali zimefuata reli na barabara ya magari tangu mwanzo.

Bonde hilo limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Masika yakikolea, Mto Kilombero hufurika na kuigeuza mbuga kuwa ziwa la muda. Sehemu ya kilometa za mraba 7,967 za bonde hili iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ifakara ndio mji mkubwa. Mbingu iko kilometa sitini na ushee kusini-magharibi yake, chini ya miteremko ya Udzungwa, kwenye njia iendayo Mngeta, Mlimba na Kihansi. Mito mingi hushuka kutoka milimani na kuikata njia hiyo kabla ya kuingia mbugani, na kwa sababu hiyo swali la usafiri hapa limekuwa kila mara swali la vivuko. Kijia kinaweza kupitika miezi minane kisha kikazibwa na kijito kimoja kisicho na hata gogo la kukanyaga.

Wandamba, wenyeji wa mbugani, walilijibu swali hilo kwa mitumbwi. Masika walisafiri kwa maji, kiangazi kwa miguu, na vijia vyao vilihamahama kufuata mkondo wa mto. Wambunga, Wabena na Wapogoro waliolima pembezoni walikuwa na vijia vya kudumu zaidi, vya kuunganisha kijiji na shamba. Kilimo cha mpunga kiliongeza umbali. Mashamba mazuri yako chini mbugani, nyumba ziko juu penye ukavu, na familia nyingi huhamia shambani kwa miezi ya kulima, kupalilia na kuamia ndege, zikikaa katika dungu lililoinuliwa juu ya nguzo. Wakati huo kila kitu, yaani chumvi, mafuta ya taa, dawa ya mtoto mwenye homa na gunia la mpunga wakati wa kurudi, hupita kwenye kijia chembamba kinachokanyagwa na mtu mmoja nyuma ya mwingine.

Serikali za kikoloni zilikiona kijia kama dalili ya nchi isiyofunguliwa. Wajerumani walijenga boma Mahenge na kufikiria reli ya kupita bondeni. Waingereza waliendeleza wazo hilo, na mwaka 1929 ikachapishwa ripoti ya Clement Gillman kuhusu upimaji wa reli ya kuifungua kusini-magharibi ya Tanganyika. Reli haikujengwa. Zilizojengwa ni barabara chache za udongo, na nguvu zake zilitoka kwa wanakijiji walioitwa na watawala wa jadi kufyeka na kujaza mashimo. Bajeti ilihesabu barabara ambazo gari la mkuu wa wilaya lilipita. Vijia vya mashambani vilitunzwa na waliovitumia, bila fedha ya mtu, na hali hiyo haikubadilika kwa muda mrefu baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Baiskeli iliingia katikati ya mambo hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilianza kuonekana kwa walimu, makarani, makatekista na wafanyabiashara wa mpunga, kisha kwa mkulima aliyepata mavuno mema. Ardhi ya Ifakara ni bapa, na mtu mmoja mwenye keria imara aliweza kusukuma magunia mawili umbali ambao mchukuzi wa kichwani angeuendea kwa siku kadhaa. Wengi hawakuipanda ikiwa na mzigo. Waliikokota, gunia likiwa limelala juu ya keria na jingine likining'inia kwenye fremu. Ndiyo maana njia bora kwa bonde hili haikulazimika kuwa pana. Ilihitaji kuwa kavu, isiyo na mashina, yenye daraja la mbao au kalavati kila penye mkondo.

Uhuru ulileta wimbi la kwanza la fedha za serikali zilizokwenda kwa waliojitokeza. Mwaka 1962 na 1963 kampeni ya kujenga taifa iliwahimiza wananchi kujitolea. Kijiji kilichojenga shule, zahanati au barabara kwa nguvu zake kiliweza kupewa saruji, mabati au misumari na Idara ya Maendeleo ya Jamii. Mwaka 1967 ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo wa Mikoa, uliogharimia miradi midogo iliyopendekezwa na kamati za maendeleo za wilaya, na barabara za vijijini zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoombwa. Wazo la msingi la ruzuku ya ushindani lilikuwa tayari limo humo. Fedha ya serikali ilikuja baada ya nguvu ya wananchi, na kijiji kisicho na kiongozi wa kuipeleka hoja wilayani kilibaki nyuma. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na madaraka yakapelekwa mikoani, na maamuzi kuhusu barabara yakawa mikononi mwa maofisa wa mkoa na wilaya.

Katika miaka hiyohiyo bonde lilipata reli liliyokuwa likiahidiwa tangu enzi za Wajerumani. Makubaliano kati ya China, Tanzania na Zambia yalitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 ikakabidhiwa rasmi. Ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu na Mlimba kabla ya kuikwea milima kuelekea Makambako. Vijiji vya ujamaa vilipangwa kando ya reli, na watu waliokuwa wametawanyika mbugani na milimani wakahamishiwa karibu na vituo. Mwanahistoria Jamie Monson ameeleza kwa kina jinsi watu wa bonde walivyoifanya reli hiyo kuwa yao: wakapanda ndizi, wakalima mpunga zaidi, wakapakia mizigo midogomidogo kwenye treni ya abiria ya kituo kwa kituo waliyoiita kipisi. Mbingu ikawa kituo cha biashara.

Reli iliongeza kazi ya vijia. Kila mkungu wa ndizi uliopakiwa Mbingu ulikuwa umeletwa kituoni kwa kichwa au kwa baiskeli, ukitoka kwenye mashamba ya chini ya mlima au ng'ambo ya mito. Treni ilipopita usiku, watu waliondoka vijijini mwao kabla ya giza na kulala kituoni na mizigo yao. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi wa reli ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina madukani, na katika miongo iliyofuata baiskeli za Phoenix kutoka Shanghai zikawa chombo cha kawaida cha kazi bondeni. Kwa hiyo mtandao halisi wa uchukuzi wa bonde ulikuwa na ngazi tatu: kijia, baiskeli na treni. Serikali iligharimia ngazi ya tatu peke yake.

Uthibitisho kwamba mpango huo una kasoro ulipatikana mbali kidogo, milimani, katika Wilaya ya Makete. Kuanzia mwaka 1985 Shirika la Kazi Duniani, kwa fedha za Uswisi, liliendesha huko mradi wa usafiri vijijini uliodumu hadi miaka ya 1990. Watafiti waliwauliza watu wa kaya walikokwenda, walibeba nini, kwa muda gani. Majibu yalipindua mawazo ya wahandisi. Safari nyingi hazikwenda sokoni wala mjini. Zilikwenda kisimani, porini kutafuta kuni, shambani na kwenye mashine ya kusaga, na sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wanawake kichwani. Barabara ya magari, hata ingekuwa nzuri namna gani, haikuzigusa safari hizo. Mradi ukageukia kuchonga vijia, kujenga madaraja madogo ya miti, kufuga punda, kutengeneza matoroli na kuziweka mashine za kusaga karibu na watu. Wanakijiji walichangia nguvu kazi, mradi ukatoa zana, misumari, ujuzi na usimamizi.

Makete ni habari muhimu kuliko zote katika historia hii, na inastahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Ndipo mahali ambapo kijia kilipata bajeti, mpimaji na ratiba ya matengenezo. Matokeo yake yaliingizwa katika programu ya kitaifa ya usafiri na uchukuzi vijijini, iliyoendeshwa wilaya chache chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu sambamba na mradi mkubwa wa barabara ulioanza mwaka 1990 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya nchi nyingine. Programu hiyo ilitaka kijiji kianze kwa kuchora ramani ya safari zake, kitaje vikwazo, kichague kimoja au viwili na kiahidi mchango wake. Ilikuwa kazi ya polepole, yenye vikao vingi na kilometa chache. Mbele ya mradi mkubwa uliohesabu mafanikio kwa urefu wa lami na changarawe, sauti yake ilikuwa ndogo.

Mjini Morogoro, makao makuu ya mkoa ambao Kilombero ni sehemu yake, kulifanyika jaribio jingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 programu ya sera za uchukuzi Afrika chini ya Benki ya Dunia, kwa msaada wa Uholanzi, ilichagua Temeke, Morogoro, Nairobi na Eldoret kuwa maeneo ya kupima njia za miguu na baiskeli. Wakazi, madereva, wafanyabiashara na maofisa wa manispaa walikaa pamoja kuchagua mahali pa kuanzia. Vivuko vya watembea kwa miguu vikainuliwa ili magari yapunguze mwendo, njia za kando zikajengwa, madaraja madogo yakawekwa kwenye mifereji. Kazi zilikuwa za gharama ndogo na zilionekana kwa macho, ila mradi wa majaribio ulipokwisha hapakuwa na fungu la taifa la kuupeleka mahali pengine. Sera ya Taifa ya Uchukuzi ya mwaka 2003 iliutambua usafiri usio wa magari, na manispaa iliyotaka kuendelea ilibaki na sera hiyo bila hundi.

Hundi zilikuwa mahali pengine, katika Mfuko wa Barabara. Sheria ya tozo ilirekebishwa mwaka 1998, Bodi ya Mfuko wa Barabara ikaundwa, na tozo ya kila lita ya mafuta ikaanza kuwekwa mahali maalumu kwa ajili ya matengenezo. Mgawanyo uliozoeleka ulikuwa takribani asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, zilizo chini ya wakala wa barabara wa taifa, TANROADS, tangu mwaka 2000, na asilimia 30 kwa barabara za serikali za mitaa. Kwa halmashauri kama Kilombero, yenye mito mingi na mvua nyingi, fungu hilo lilikuwa msaada mkubwa. Lakini lilifuata orodha. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliziweka barabara za wilaya katika madaraja ya mkusanyo, mlisho na jamii. Njia ya kutoka kitongojini kwenda shambani mbugani, inayopitisha baiskeli mia siku ya mavuno, haikuwa na namba katika orodha, na kisicho na namba hakikuwekwa katika makisio ya matengenezo. Mwenye baiskeli hanunui petroli, na mfuko uliojengwa juu ya petroli ulimwona kwa shida.

Mlango mwingine ulifunguka kupitia TASAF. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianza mwaka 2000 katika wilaya 40 za Tanzania Bara pamoja na Zanzibar, na awamu ya pili, kuanzia mwaka 2005, ikaenea nchi nzima. Utaratibu wake ulikuwa wa maombi. Mkutano wa kijiji uliibua mradi, kamati ya mradi ikachaguliwa, fomu ikajazwa, halmashauri ikachuja, na fedha zikaingizwa katika akaunti ya jamii yenyewe. Jamii ilitakiwa kuchangia kwa mawe, mchanga, miti na nguvu. Upande wa pili kulikuwa na kazi za ujira kwa kaya zenye upungufu wa chakula, na ujira huo uliwekwa chini kidogo ya bei ya vibarua ya mahali ili wenye uwezo wasiujie. Barabara za vijijini, madaraja madogo na njia zilifaa sana kwa kazi za ujira kwa sababu zinahitaji mikono mingi na saruji kidogo. Awamu ya tatu, iliyoanza muongo wa 2010, iliendelea na kazi hizo kwa siku 60 kwa mwaka kwa kila kaya iliyoandikishwa.

Kwa vijia, TASAF ndiyo iliyokaribia zaidi ruzuku ya kweli ya ushindani, na tabia zake nzuri na mbaya zilionekana upesi. Kijiji kilichokuwa na mtendaji mchapakazi, mwalimu wa kuandika andiko na wajumbe waliojua njia ya kwenda ofisi ya halmashauri kilipata. Kijiji kilichokatika masika, ambacho mtendaji wake hakufika wilayani kwa miezi miwili, kilichelewa, ingawa ndicho kilichohitaji daraja kuliko vyote. Pia pale ambapo mkutano uliweza kuchagua kitu kimoja tu, darasa na zahanati vilishinda kwa kawaida. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mzazi anayechagua kati ya paa la darasa na gogo la kuvukia mto atachagua paa, kwa kuwa gogo anaweza kulikata mwenyewe tena mwakani.

Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa, iliyoanza mwaka wa fedha wa 2004/2005, ilipeleka ushindani kwenye ngazi ya halmashauri. Mtindo wake ulikuwa umejaribiwa Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania iliuanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wafadhili wengine wakajiunga baadaye. Kila mwaka timu ya wakaguzi ilifika wilayani na kupitia nyaraka: je, hesabu za mwisho zimefungwa kwa wakati, mkaguzi wa ndani yupo, mpango wa maendeleo umepitishwa na baraza, vikao vimefanyika, zabuni zimefuata sheria? Halmashauri iliyoshindwa masharti ya msingi haikupata ruzuku ya miradi. Ilipewa fungu dogo la kujengewa uwezo, ikasubiri mwaka ujao. Iliyofaulu ilipimwa tena kwa alama, na alama hizo ziliweza kuiongezea asilimia 20 ya fedha zake au kuipunguzia asilimia 20. Kiasi cha msingi kilitokana na kanuni: idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 70, umaskini asilimia 20, ukubwa wa eneo asilimia 10.

Kanuni hiyo ina maana kubwa kwa wilaya kama Kilombero. Uzito wa eneo ulikuwa mdogo, na urefu wa mto, siku za mafuriko au idadi ya vitongoji vilivyokatika havikuwamo kabisa. Wilaya yenye watu waliokusanyika kwenye ardhi kavu na wilaya yenye watu waliotawanyika mbugani zilihesabiwa kwa kipimo kimoja. Alama nazo zilipima utawala, na hilo lilikuwa jambo jema kwa nchi iliyotoka katika miaka ya hesabu zisizofungwa. Vitabu vya halmashauri vilianza kuandikwa vizuri na wananchi wakaanza kubandikiwa taarifa za mapato kwenye mbao za matangazo. Ila mkaguzi aliyesoma muhtasari wa vikao Ifakara hakulazimika kuvuka mto wowote kwenda kuona kama daraja la mbao lililoandikwa humo lingalipo.

Ombi la kijia lilipitia hatua nyingi ndani ya utaratibu huo. Kwa mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, vitongoji vilitaja mahitaji yao, kijiji kikayapanga kwa kipaumbele, kata ikayachambua, halmashauri ikayaunganisha katika mpango wa wilaya. Tuseme kitongoji kimoja cha chini ya Udzungwa kimeomba daraja la waenda kwa miguu kwenye kijito kinachowazuia watoto wa shule. Kwenye kijiji ombi hilo hukutana na nyumba ya mwalimu, kwenye kata hukutana na kisima, na wilayani hukutana na mhandisi ambaye ana mchoro wa kalavati la barabara na hana mchoro wa daraja la mita moja na nusu. Mara nyingi mhandisi hulikuza: kama fedha zipo, bora lijengwe la kupitisha gari. Gharama inapanda mara kadhaa, mradi unahamishiwa mwaka unaofuata, na kijito kinaendelea kuvukwa kwa gogo. Ukuzaji huo wa miradi midogo ndio ulioviumiza vijia kuliko uhaba wa fedha wenyewe.

Vyombo vya barabarani navyo vilibadilika. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni katika miaka ya 1990 na baadaye walileta mikokoteni ya ng'ombe, nayo ilipanua vijia na pia kuvichimba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zilienea, na bodaboda ikachukua abiria ambao zamani walibebwa kwenye keria. Baiskeli haikutoweka. Imebaki kuwa chombo cha mkulima asiye na fedha ya mafuta, na cha wahudumu wa afya na watafiti. Tangu mwaka 1996, wadodosi wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walizitembelea kaya za vijiji vya bonde kila baada ya miezi minne kuandika vizazi, vifo na uhamaji, na njia zao zilikuwa vijia hivihivi. Bodaboda yenyewe hupita kijia cha mguu inapoacha barabara, kwa hiyo daraja dogo lililo imara sasa lina watumiaji wengi kuliko zamani, na pikipiki na waenda kwa miguu hupishana kwa hatari penye upana wa kutosha mmoja.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 fedha za ruzuku ya maendeleo zilipungua na kuchelewa, wafadhili kadhaa walipopunguza michango yao. Mwezi Julai 2017 barabara za wilaya ziliondolewa kwenye halmashauri na kukabidhiwa kwa wakala mpya wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Wahandisi walikusanywa chini ya paa moja, viwango vikasawazishwa, ila diwani aliyekuwa akipigania kivuko cha kata yake katika baraza sasa ilibidi amwombe meneja wa wakala. Mwaka 2021 fedha ziliongezeka kwa njia mbili. Kila jimbo la uchaguzi lilipewa shilingi milioni 500 za barabara, na tozo ya mafuta ikapandishwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Fungu la jimbo liligawiwa sawa bila kushindanisha, na kwa maeneo yaliyokuwa yakishindwa kuandika maandiko mazuri hilo lilikuwa afueni.

TARURA pia imeeneza ujenzi wa madaraja ya mawe ya upinde, uliojengewa uzoefu Kigoma kwa msaada wa Ubelgiji. Mawe hutoka karibu, mafundi wa mahali hufundishwa, nondo hazihitajiki, na gharama hushuka sana ikilinganishwa na daraja la zege. Kwa vijiji vilivyo chini ya Udzungwa, ambako mawe yapo na vijito ni vyembamba, ufundi huo unafaa kuliko wowote uliowahi kuletwa, kwa sababu unaliondolea daraja dogo lile tatizo la kukuzwa hadi likashindwa kulipiwa.

Miradi mikubwa nayo imelifikia bonde. Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 lilichukua nafasi ya kivuko kati ya Ifakara na upande wa Ulanga, mahali ambapo kivuko kilizama Januari 2016. Lilizinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais John Magufuli. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9, ilijengwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka Umoja wa Ulaya, na ilizinduliwa mwaka 2024. Kipande cha Ifakara hadi Mbingu kimewekwa katika mipango ya lami ya TANROADS. Lami huongeza mwendo wa magari mahali ambapo baiskeli zenye magunia na watoto wa shule wamezoea kutumia njia nzima, na suala la vijia linahamia kwenye mabega ya barabara: upana wake kando ya vijiji, mahali pa kuvukia karibu na shule, na njia ya kushukia mkokoteni bila kuporomoka mtaroni. Mambo hayo huamuliwa katika usanifu, kabla mkandarasi hajafika. Yakisahaulika hapo, kuyaongeza baadaye huhitaji ombi jipya la fedha.

Mipaka ya utawala nayo imehama. Ifakara ina halmashauri yake ya mji, na iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero sasa inaitwa ya Mlimba, yenye Kata ya Mbingu ndani yake. Barabara inayopita Mbingu kwenda Mlimba ni ya TANROADS. Barabara zinazoungana nayo kutoka vijijini, zikiwa zimesajiliwa, ni za TARURA. Reli ni ya TAZARA. Njia za kutoka vitongojini kwenda mbugani ziko mikononi mwa serikali za vijiji, zinazozitunza kwa nguvu za wananchi, kwa mapato madogo ya kijiji, na kwa siku za kazi za ujira za TASAF pale ambapo kaya za kijiji zimeandikishwa na kijia kimechaguliwa kuwa mradi wa mwaka.